Miezi Minne ya Kutafuta Waya

Jamani, kile kibenchi cha kona, pale mbele ya kinyozi, kilikuwa na miguu mitatu na tofali, lakini kilibeba mafundi wengi kuliko gereji yoyote. Asubuhi hiyo wote walikuwa wameligeukia gari la Gia, dereva mstaafu wa malori, aliyeng'oa viti vya gari lake kuukuu akaligeuza chumba: kitanda, kabati, jiko la gesi, na kirafu cha mashine ya hewa ya mkewe. Maana kifua cha yule mama kilishachoka, bila mashine ile usiku halali. Na alikuwa na ombi moja tu duniani: apelekwe kwa mdogo wake, mwendo wa siku mbili kwa kumbeba taratibu, wapatane. Walinuniana miaka kumi na moja kwa maneno ya msibani. Gia akaapa kumpeleka. Miezi minne sasa, kila akiiwasha ile mashine ndani ya gari, umeme unakata. Jumanne mkewe akalazwa. Daktari akasema huenda Jumamosi akatoka. Na hiyo ndiyo ilikuwa Jumamosi yenyewe.

— Washa tena, alisema Gia.

Transista, fundi redio ambaye redio akishazifungua hazirudi tena kuwa redio, akabonyeza swichi. Taa ikawaka. Mashine ikaanza, ngrrr. Taa ikalegea kama jicho la mlevi. Pu! Kimya.

— Betri hiyo, alisema Transista.

— Betri si umeshanibadilishia mara mbili?

— Ndiyo maana yake, mzee. Maji yakimwagika hayazoleki. Ya tatu ndiyo hukaa.

Wembe, kinyozi, akatoa kichwa dirishani. Mteja wake alibaki kitini kanyolewa upande mmoja, kama shamba la ndugu waliogombana.

— Panya! Si nilisema? Panya wa siku hizi wanatafuna waya wenye umeme tu, mwingine wanaona hauna chumvi.

— Panya gani, aliuliza Gia, na ubao wote wa sakafu tumefungua?

— Aliyeshiba huhama. Wewe zungushia tepu waya zote. Chanda chema huvikwa pete!

— Tepu si ulishazungusha wewe? alifoka Transista. Sasa hatujui wa taa ni upi, wa soketi ni upi. Zote nyeusi, kama ukoo mmoja!

Hapo Mama Buli, muuza kahawa, akaangua kicheko. Mama huyo akicheka, kuku wa mtaa wa pili wanahama.

— Nyie hangaikeni na waya. Muulizeni Gia hilo gari lilikuwa la kazi gani.

— La mizigo, alisema Gia.

— Mizigo gani, baba? Lilikuwa likibeba maiti! Kaniambia mke wa aliyekuuzia, kwa mdomo wake, tumekaa hivi. Humo ndani kuna mtu hajashushwa bado. Mkiwasha mashine ya pumzi, na yeye anavuta. Pumzi moja, pua mbili, umeme utaacha kukata?

Hakuna aliyecheka. Hata mwenyewe alisikia neno lilivyoanguka, akajitia kupangusa vikombe.

Gia alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari. Kila jioni alikuwa akienda hospitali, na kila jioni mkewe humuuliza kwa sauti ya chini, "Mashine imewaka?" Naye humjibu, "Kesho." Jana tu ndiyo hakwenda. Sakafu ilikuwa imefunguliwa, akasema ataenda leo na gari lenyewe, mashine imewaka, na jibu zuri mdomoni.

— Haraka haraka haina baraka, kaka, Transista alimliwaza. Mwache shemeji apumzike. Gari litakuwa tayari.

— Lini?

— Si tunatafuta?

Gia akajiingiza chini ya kitanda kwa tumbo, akaanza kupapasa waya mmoja mmoja kwa vidole vyake vya mafuta. Alipofika kwenye boli moja, pale waya wa kurudisha umeme kwenye betri unaposhikana na bodi ya gari, akarudisha mkono.

— Hapa pa moto.

— Moto wa nini?

— Leteni spana.

Akafungua boli. Chini yake palikuwa na rangi ya buluu, nene, inang'aa. Alikuwa amelipaka gari zima mwenyewe, ndani na nje, mara mbili, kwa sababu mkewe alisema ule weupe wa mwanzo unamkumbusha kuta za wodi. Kisha juu ya rangi ile ile akafunga waya. Na rangi haipitishi umeme! Taa ilipata kanjia ka wizi pembeni mwa boli, lakini mashine ikidai haki yake, basi.

Akakwangua kwa msasa mpaka chuma kikatoka cheupe. Akakaza.

— Washa.

Taa ikawaka. Mashine ikaanza. Wakahesabu wote kwa sauti, kumi, ishirini, sitini. Haikuzima! Mama Buli akapiga kigelegele, Wembe akamkumbatia mteja wake na shuka la kunyolea shingoni.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama mbele yao na begi, nguo zimekunjamana za safari ya usiku kucha. Sura ya mke wa Gia kabisa, ila changa.

— Shemeji, alisema. Hupatikani tangu jana.

Gia akageukia simu yake. Jana alikuwa ameichomeka kwenye soketi ya gari kuijaribu, ikazima humo humo.

— Muuguzi kakutafuta mpaka akachoka. Namba yangu kaikuta kwenye karatasi chini ya mto wa dada. Dada hatambui mtu tangu jana mchana. Nilisema nipite nikuchukue, mji wenu siujui, hata hapa nimeelekezwa stendi.

Gia alinyoosha kidole kwenye mashine.

— Tulikuwa tunakuja kwako. Ni hii tu... ilikuwa inakata umeme.

— Dada huitumia na mchana?

— Usiku tu, akilala.

— Na injini?

— Injini haijawahi kuwa na neno.

Mwanamke aliitazama taa, akawatazama wote pale kibenchini.

— Njia nzima kuna nyumba za wageni, umeme uko ukutani. Kwa nini hamkutembea mchana, usiku mkalala huko?

Transista akaangalia spana mkononi mwa Gia. Wembe akaangalia kichwa cha mteja.

— Basi nipelekeni hospitali, alisema mwanamke.

— Tupite sokoni, alisema Transista, tena upesi.

— Sokoni Jumamosi? alidakia Wembe. Zunguka nyuma ya shule!

— Nyuma ya shule wamechimba mtaro, nyie! alisema Mama Buli.

— Mtaro wamefukia!

Mwanamke akageuka kumtafuta shemeji yake. Gia alikuwa keshafika mwisho wa mtaa, upande wa hospitali, kwa miguu, spana mkononi, anakwenda karibu kukimbia.