Kwa Nini Ofelia Kaondoka

Benchi letu liko nje ya mkahawa wa Zulema, mtaa wa Boedo, Buenos Aires, na upande wenye jua ni wangu. Anayebisha akanywe kahawa kwao. Jumapili ile tulikuwa wanne. Rufino, fundi saa, alikuwa ameachwa na mkewe Ofelia, wiki ya tatu hiyo, na mtu hali, halali. Alitaka jambo moja tu, kujua kwa nini. Tukamsaidia kwa elimu tuliyonayo, yaani nyimbo za tango, muziki wetu wa kuwalilia wapenzi walioondoka.

Akatangulia Jaji, aitwaye hivyo kwa kuhukumu kesi asizoletewa.

— Kafuata taa za katikati ya mji na gauni la hariri. Nyimbo zote zinasema hivyo.

— Ofelia ana miaka sitini na moja, nikamwambia.

— Hata kama. Mwenda pole hajikwai.

— Linahusu nini hilo?

— Kaenda pole, ndiyo maana hakusikika.

Msumari, mshona viatu, akaguna.

— Mchawi ni bandoneoni, bwana. Kinanda kile kikivutwa, mtu anatoka nyumbani. Shangazi yangu kaachwa mara mbili, na jirani yake alikuwa anakipiga.

— Jirani yetu anapiga gita, Rufino akasema.

— Ndiyo mwanzo wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

— Nyie watoto, Jaji akasema. Watunzi wenyewe ndio wanaowafukuza wake zao. Mke akitulia nyumbani, utaimba nini, supu? Ofelia akirudi leo, nchi nzima inakosa wimbo.

— Nchi ikose. Mimi namtaka mke wangu.

Alivyolisema, niliona haya kwa niaba yetu sote.

Kumbe Nélida, mpangaji mpya wa ghorofani, alikuwa amesimama nyuma yetu na mkate wake, anasikiliza.

— Samahanini wazee wangu. Huyo mama alipokuwa anatoka, mwenyewe alisemaje?

Jaji akamtazama Msumari, Msumari akanitazama mimi. Wiki tatu tumekaa pale, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Rufino akaweka kikombe chini.

— Alisema. Alisimama mlangoni na begi lake, akasema maneno mengi tu. Sasa redioni kulikuwa na tango, mwanamume analia kaachwa, pazuri kabisa. Nikamwinulia mkono angoje wimbo uishe.

— Ulipoisha?

— Nikageuka nimuulize alikuwa anasemaje. Mlango ulikuwa wazi.