Merle Pascoe na Neno Lenye Herufi Mbili

Mchungaji, majirani, walimu wenzake, na ninyi wanachama wa Klabu ya Chemshabongo ya Trevanion mliowahi viti vya mbele kana kwamba ninyi ndio wafiwa, familia imesimama kuwasomea maisha ya mama yetu, na inaomba mtu asikohoe kwa makusudi tukifika sehemu inayomhusu.

Marehemu Merle Edna Pascoe alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 hapa hapa Trevanion, Rasi ya Yorke, akiwa mtoto wa pekee wa Silas Trezise, mpima shayiri kwenye maghala ya bandarini, na mkewe Ada. Alianza shule ya msingi mwaka 1950, na ripoti yake ya darasa la tatu, ambayo tunayo, imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba mtoto huyu anabisha sana, na kwamba kwa bahati mbaya huwa yuko sahihi.

Alijiunga na sekondari mwaka 1957, na mwaka uliofuata, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 7 Aprili 1958, kwenye mandari ya klabu pale ufukweni, likatokea jambo ambalo limekula miaka sitini na mitano ya familia hii. Siku hiyo mwenyekiti mwanzilishi, Bwana Jabez Rodda, alipanda juu ya sanduku la limau akatoa fumbo lake jipya, na kwa utani akatia ndani jina lake mwenyewe na majina ya rafiki zake wawili. Pasti ya mchungaji, yaani sambusa ile kubwa ya nyama, imeliwa. Jabez anasema, "Kala Cornelius." Cornelius anasema, "Kala Silas." Silas anasema, "Mimi sijala." Mmoja tu kati yao anasema kweli, je, nani kala?

Bwana Rodda akatangaza kwa sauti ya kuuza ng'ombe kwamba kala Silas, watu wakacheka, babu yetu Silas naye akacheka, maana ilikuwa mandari na jua lilikuwa zuri. Marehemu, mwenye umri wa miaka kumi na minne, alinyoosha mkono.

"Bwana Rodda, linaingia na jingine."

"Jingine lipi, binti?"

"Wewe."

Naye akaeleza, kama nitakavyoeleza mimi sasa kwa faida ya wale ambao wamejifanya hawaelewi tangu enzi hizo: ukisema kala Silas, Cornelius ndiye mkweli peke yake, na fumbo limekaa sawa, lakini ukisema kala Jabez, basi Jabez kasingizia, Cornelius kasingizia, na Silas aliyesema hajala ndiye mkweli peke yake, na fumbo limekaa sawa vilevile. Majibu ni mawili. Bwana Rodda alikuwa amefanya kosa la mtunzi anayelijua jibu kabla ya swali, alilijaribu jibu lake, likaingia, akaenda zake kunywa maji ya limau bila kuuliza kama kuna jingine linaloingia.

"Binti," alijibu, "fumbo la klabu hii lina jibu moja, kamsaidie mama yako kumimina chai."

Basi yangeishia hapo tungesamehe, lakini jibu likaandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao, JIBU: SILAS, ubao ukatundikwa katika ukumbi huu, na babu yetu, mtu ambaye hakuwahi kuchukua hata punje ya shayiri ya mtu, akawa mwizi wa pasti wa mji mzima. Akiingia dukani, "Funika sahani, Silas huyo!" Akipita kanisani, "Mchungaji, shika mfuko!" Na alipofariki, tarehe 6 Agosti 1979, katibu wa klabu alisimama kwenye ukumbi huu huu, mbele ya jeneza, akasema, "Mkagueni mikono kabla hamjafunika," na mkacheka, wengine wenu mmo humu, na bibi yetu Ada alikuwa amekaa pale pale alipokaa sasa Bwana Clive Rodda, mwana wa Jabez.

Marehemu alisomea ualimu Adelaide kuanzia 1962 hadi 1964, akafundisha hisabati kuanzia 1965 hadi alipostaafu Desemba 2004, na wanafunzi wake wote, hata walioambulia sifuri, wanakumbuka kwamba chini ya kila jibu sahihi aliandika, "Kuna jingine?" Aliingia klabuni mwaka 1965, akashinda mashindano ya mwaka mara kumi na moja, na kila Pasaka, kuanzia ile ya 1958, aliiandikia kamati barua moja, akiomba neno moja lenye herufi mbili liongezwe kwenye ubao, neno "au", lifuatwe na jina la Jabez. Barua sitini na sita. Alijibiwa mara mbili, na mara zote mbili alishukuriwa kwa kuipenda klabu. Mwaka 1988, ubao ulipopakwa rangi upya, alimfuata fundi juu ya ngazi, na fundi akamwambia, "Mama Pascoe, nafasi ipo, ruhusa ndiyo haipo."

Alifunga ndoa na Desmond Pascoe, fundi wa mashine za kuvunia, Jumamosi tarehe 14 Januari 1967, na hata siku hiyo mtu mmoja wa klabu aliweka mlinzi mwenye rungu kwenye meza ya pasti baba wa bibi harusi alipokaribia. Walijaliwa watoto wawili, Kerensa mwaka 1968 na Neville mwaka 1971, ambao walijua "au" kabla ya kujua "tafadhali". Baba yetu Desmond alitangulia mwaka 2015.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2021, na tarehe 29 Mei mwaka huu wa 2023 alilazwa hospitali ya wilaya, ambako daktari mgeni, akitaka kupima akili zake, alimuuliza nani waziri mkuu, naye, akidhani ameulizwa swali la maana, akajibu, "Silas au Jabez." Daktari akaandika kwamba mgonjwa amechanganyikiwa. Muuguzi wa zamu, mzaliwa wa hapa, akamwambia, "Futa hilo, daktari, huyu ndiye mwenye akili timamu pekee katika mji wetu."

Tarehe 12 Juni alitembelewa na Bwana Clive huyo, mwenyekiti wa sasa, aliyekuja na maua. Marehemu aliyaweka maua kando, akapanga vikombe vitatu vya chai juu ya kitanda, akamwambia alifumbue fumbo mwenyewe, bila baba yake. Ilichukua dakika nne.

"Linaingia, Merle," alisema.

"Basi liandike."

"Mzee wangu ataonekana mwizi."

"Clive, mimi baba yako sijamwita mwizi, nimesema hatujui. Wa kwangu ndiye mliyemwita ninyi."

Bwana Clive alilia, hilo tunampa, kisha akasema atalipeleka kwenye kamati, na kamati inakaa Agosti. Mama yetu alifariki Jumatatu tarehe 19 Juni, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa, miezi mitatu na siku kumi na sita, na hakufika Agosti.

Familia inamshukuru daktari, ambaye alifuta, wauguzi wote, majirani wa Mtaa wa Kinu waliomlishia kuku, na walimu wenzake. Shukrani kwa klabu zipo tayari, zimeandikwa, na zitasomwa ubao ukishakamilika. Ngazi ile ukutani si ya mafundi wa taa, mimi Neville nimeiweka tangu asubuhi, na mkebe wa rangi ya dhahabu uko chini yake, na burashi. Pasti ziko jikoni, za moto, na Kerensa amesimama mlangoni na rungu lile lile la mwaka 1967, na hatakula mtu hapa mpaka Rodda mmoja apande ngazi hiyo. Bwana Clive, kamati nzima imekaa nyuma yako, akidi imetimia.

Mama, babu hakuwahi kupata hata "labda" kutoka kwa watu hawa, wewe uliwadai ile haki ndogo kuliko zote, ya kutohukumiwa na mtu asiyejua. Pumzika kwa amani, au endelea kubisha huko uliko. Yote mawili yanaingia.