Mwenye Kengele Hakosei: Kwaheri ya Anti Frema

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bi. Akua Frema Adusei, ambaye Kumasi nzima inamwita Anti Frema, anastaafu tarehe thelathini Juni kutoka idara yetu ya tibamaungo. Anaondoka na afya njema, sauti kubwa, na masikio ambayo, kwa heshima zote, hayajawahi kukutana na mdundo.

Tuseme tu, maana hata mwenyewe anacheka. Anti Frema ndiye aliyeanzisha mazoezi ya ngoma ya kila Jumatano kwa wanaoishi na ugonjwa wa Parkinson. Ugonjwa huu humgandisha mtu katikati ya safari. Miguu hunata sakafuni, na mara nyingi mdundo ndio unaoibandua. Siku ya kwanza wapiga ngoma walifika, mpiga kengele hakuonekana. Anti Frema akaiokota ile kengele ya chuma, akaanza kugonga.

Aliyekulia hapa anajua: ngoma hufuata kengele, wachezaji hufuata ngoma, na mwenye kengele hakosei. Mkipishana naye, mmekosea nyinyi. Basi kengele ya Anti Frema ilikwenda mbio, ikasita, ikaruka, ikarudi nyuma kama aliyesahau ufunguo. Wapiga ngoma walitokwa jasho, lakini nani angethubutu kusema? Wagonjwa nao wakafuata, na wakatembea.

Opanyin Tweneboa, mzee wetu aliyestaafu udereva wa malori, alitoka kitini hadi mlangoni bila kushikwa mkono, akilalamika njia nzima: "Huyu mama anapiga kengele kama anafukuza kuku. Ukizubaa kidogo, umeachwa." Jumatano iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Wapo watakaokumbuka ule msiba wa Asokwa. Darasa zima lilikwenda kuhani, na ili wazee waweze kuzunguka kuwapa mikono wafiwa, Anti Frema alitoa kengele mkobani. Wapiga ngoma wa msibani, watu wenye adabu zao, wakamfuata. Uwanja mzima ukacheza kwa kuchechemea mpaka jioni. Familia iliamini ni mtindo wa kifalme kutoka mji fulani wa zamani, na mtaa ule wanaucheza hadi leo.

Mwezi Aprili uongozi, kwa nia njema kabisa, ulimleta mrithi wake, Bw. Nti, mtaalamu wa tibamaungo na mpiga kengele stadi. Alipiga mdundo ulionyooka, safi, hauna doa. Wagonjwa wote wakaganda. Nana Agyapomaa, bibi yetu muuza vitenge, alibaki na mguu mmoja mbele, akamwambia kwa upole: "Mwanangu, unapiga vizuri mno. Hakuna cha kusikiliza." Ikabidi Anti Frema aitwe kutoka kwenye chakula. Mkono wa kulia ulikuwa na fufu na mchuzi, akagonga kwa wa kushoto, na kwa mara ya kwanza mjini hapa hakuna aliyeudhika na mkono wa kushoto.

Hapo tukaogopa kwa kweli. Opanyin Tweneboa alisema wazi, "Huyu akiondoka, mimi nitakufa nimesimama." Anti Frema akaanza kumfundisha Bw. Nti kukosea. Ilishindikana. Siku moja tu alikosea, akaomba radhi na kuanza upya.

Jumatano iliyopita tulimuaga. Alimkabidhi Bw. Nti kengele, akatupungia mkono, akaelekea getini kwenye teksi. Katikati ya uwanja akasimama. Alikuwa analia, na miguu haikutaka kuendelea. Bw. Nti akabaki na kengele mkononi.

Ndipo Opanyin Tweneboa akaanza kugonga sakafu ya mlangoni kwa fimbo. Mdundo ukaenda mbio, ukasita, ukaruka, ukarudi nyuma. Nana Agyapomaa akadaka kwa makofi, kisha darasa zima, na Bw. Nti, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, akawafuata. Kumbe mdundo wake walikuwa nao wenyewe, wote, siku zote. Anti Frema akainua mguu, akatembea hadi getini, nao nyuma yake. Sote ni mashahidi kwamba safari hii alikwenda sawasawa na mdundo.

Anti, umetutembezea wazee wetu, na hatuna cha kukulipa. Nenda salama, ukale fufu yako mpaka umalize, bila mtu wa kukuita.