Mzee Anatoli, Mafunjo ya Bukirasazi na Kabichi za Mama Mkwe

Baada ya miaka ishirini na sita ya kukanyaga matope kwa niaba yetu sote, Mzee Anatoli anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Buti zake anaondoka nazo. Hakuna mwenzetu aliyeziomba.

Kazi yake, akiwa ofisi yetu ya Gitega, ilikuwa kufuatilia vinamasi vinavyorudishiwa mafunjo, yale matete yanayotunza maji: kupima maji, kukagua machipukizi, kisha kusema ukweli mbele ya watu. Hilo la mwisho ndilo lililomponza.

Akiwa bado mgeni kazini, alitumwa Bukirasazi, kwa wakwe zake. Mafunjo yalikuwa yamepandwa upya kwa sababu chemchemi ya bonde ilikuwa inakauka, na kulima humo kulikatazwa. Katikati ya machipukizi akakuta kabichi nono, zimepaliliwa vizuri. Hakuhitaji kuuliza ni za nani. Jumapili iliyotangulia mama mkwe wake, Mama Efrazia, alikuwa amempikia kabichi hizo hizo, naye akaomba kuongezwa.

Alimsihi mkuu wetu amtume mtu mwingine, akakataliwa. Angenyamaza, majirani wote wangerudi kulima pale na maji yangekwisha. Basi akasimama kwenye mkutano wa wanakijiji, akamtaja mkwewe kwa jina. Mama Efrazia akainuka taratibu.

"Mkwe wangu, mi nilikupa binti. Sasa unataka na kabichi?"

Watu walivunjika mbavu. Anatoli hakucheka. Kabichi ziling'olewa, mkewe Imelda akampikia maharage matupu msimu mzima, na mama mkwe akaacha kumsalimia. Ndipo alipoomba uhamisho kwenda Muyinga, akidai hewa ya kule inamfaa. Tulijifanya kuamini.

Muyinga alisimamia mabonde mawili hadi yakajaa ndege. Kisha habari zikamfikia: chemchemi ya Bukirasazi imepita kiangazi bila kukauka, na walinzi wa bonde wamemchagua kiongozi mkali kupita wote, Mama Efrazia. Aliporudi kukagua, akaegesha pikipiki juu ya mafunjo machanga. Mama mkwe akamtoza faini ya kreti ya bia mbele ya watu wa kilima kizima, kisha akamfungulia chupa ya kwanza kwa mkono wake. Anatoli alitokwa na machozi, akasingizia wadudu.

Mzee wetu, asante kwa mabonde yenye maji na kwa vicheko vyote hivi. Wewe na Imelda tunawaombea afya na siku nyingi za raha. Ukipita bondeni, tazama tu. Usipime chochote.