Mchungaji Mliyemwita Nusu Saa

Marehemu Mchungaji, ambaye nusu ya mji huu ilimwita Nusu Saa na yeye akaitika, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake alifungua na kufunga geti la kivuko cha treni, mama yake alifua nguo za watu. Dada yake, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika hao sita, anasema marehemu alichelewa kutembea, na alipoanza alitembea akigeuka nyuma kuona kama kuna aliyeachwa. Shangazi huyo huongeza chumvi, lakini hapo familia imemwamini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965, kisha sekondari mpaka kidato cha pili, ada ilipogoma. Mwaka 1968 aliingia kiwanda cha kupiga chapa, akapanga herufi za risasi kwa miaka kumi na miwili. Herufi hizo hupangwa zikiwa zimegeuka, na kazi nyingi za pale zilikuwa programu za mazishi. Kwa hiyo alipenda kusema kwamba yeye elimu yake aliipata kwa kusoma maisha ya watu kinyumenyume.

Hapo kiwandani ndipo alipompata mke wake, mshonaji, aliyekuja kukagua programu ya mazishi ya baba yake. Aliisoma akiwa amesimama, akairudisha.

"Hapa mmeandika baba alikuwa mpole. Baba hakuwa mpole. Alikuwa mkali, na tulimpenda hivyo hivyo. Andika hivyo."

"Dada, watu huwa hawaandiki namna hiyo," marehemu akamwambia.

"Basi watu huwa wanamzika mtu mwingine."

Marehemu alisema alipanga upya ukurasa ule siku hiyo hiyo, neno kwa neno. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 23 Agosti 1980, wakajaliwa binti na mwana. Wasifu huu umeandikwa na binti huyo, naye ndiye anayewasomea. Amejitahidi kufuata amri ya mama yake.

Wito wa marehemu haukuja kwa ndoto. Kwenye lango la kiwanda alikaa fundi miavuli, mzee mmoja aliyelala hapo hapo penye kazi yake. Mwaka 1979 mzee huyo alikufa, gari la jiji likamchukua. Marehemu akataka kumchapia programu, akagundua kwamba hajui hata jina lake, ilhali walisalimiana kila asubuhi kwa miaka saba. Alikwenda kuuliza amezikwa wapi, akapewa namba. Aibu ile ilimpeleka chuo cha theolojia mwanzoni mwa mwaka uliofuata, na Jumapili tarehe 4 Desemba 1983 akabarikiwa kuwa mchungaji wa kanisa mnalolijua, lile lililobanwa kati ya karakana ya magari na ghala la magunia, ambapo mahubiri yake yote yalishindana na nyundo.

Kwa miaka minne alikwenda ofisi ya maziko ya jiji kila Jumatatu, akikaa kwenye benchi lile lile, kuomba apewe habari za maiti wasiochukuliwa na ndugu kabla hawajafukiwa.

"Mchungaji, hawa hawana watu," karani akamwambia.

"Hakuna asiye na watu, mheshimiwa. Kuna ambao watu wao hawajaambiwa."

Walimchoka, wakampa. Tangu hapo kila Ijumaa saa nane mchana alikuwa makaburini, upande wa ukuta. Mke wake alishona sanda. Yeye alizunguka wiki nzima vibandani na vituoni akiuliza: huyu alifanya kazi gani, alicheka vipi, alimkera nani. Aliandika wasifu wa kila mmoja kwenye daftari na kuusoma kaburini kama anavyosomewa tajiri. Akimaliza alitoa saa mfukoni, akawazuia wachimbaji kufukia kwa nusu saa, jua liwe kali au mvua inyeshe. "Pengine yupo njiani," alisema. Kwa miaka yote hiyo walikuja ndugu mara nne. Mimbarani aliwaambia wakubwa kwamba mji unaojua idadi ya taa zake za barabarani haukosi nafasi ya kujua nani amelala chini yake, na wapo waliohama kanisa kwa ajili hiyo.

Mwaka 1997 aliokotwa mtu aliyeumia vibaya usoni, amevaa koti la hamali wa sokoni aitwaye Kamba. Soko zima likalitambua koti. Marehemu akaandika, akasoma, akatoa saa. Dakika ya ishirini mtu akasogea kutoka nyuma.

"Mchungaji, yote uliyosema ni kweli, hata lile la ulevi. Ila Kamba ni mimi, na sijafa. Koti niliibiwa."

Wazee wawili walisahau miguu yao mibovu wakaruka ukuta. Kamba mwenyewe aliketi chini, akaomba asomewe tena toka mwanzo, kwa kuwa hajawahi kusemwa vizuri hivyo. Alilia wakati wa kusomewa. Aliyevaa koti lake alipata wasifu mpya Ijumaa iliyofuata, na Kamba amekuwa mtunzaji wa kanisa hadi leo.

Sasa binti afike mahali ambapo angependa kuparuka. Ijumaa tarehe 16 Novemba 2018 mama alikuwa hospitalini, hali yake mbaya, na marehemu alikwenda makaburini kumzika mwanamke mmoja asiyejulikana. Alisoma, akasubiri nusu saa yake. Hakuja mtu. Ndani ya nusu saa hiyo, saa tisa na dakika kumi, mama alifariki mkono wake ukiwa katika mkono wa binti, akiutazama mlango. Siku ya maziko marehemu alisimama na karatasi yake ili amsomee mkewe. Binti akamwambia mbele ya watu, "Mama hutamsomea. Kawasomee watu wako." Marehemu aliikunja karatasi, akaketi.

Kwa miaka mitano na nusu binti alimpigia baba yake simu kila Jumapili, akamwamkia, akauliza afya, akakata. Heshima ilikuwepo. Kingine hakikuwepo.

Januari 2023 figo za marehemu zilianza kushindwa. Juni mwaka huu wa 2024, siku ya Jumanne, mdogo wake binti alimpigia: "Dada, njoo. Baba anakuulizia." Binti alisema ana kazi. Kazi aliyokuwa nayo ingeweza kungoja. Alifika hospitali Alhamisi tarehe 6, na saa kumi na dakika ishirini alikuwa chini mapokezi, kwenye daftari la wageni, anajaza mahali palipoandikwa uhusiano na mgonjwa. Aliandika "binti". Juu, marehemu alikuwa anakata roho.

Kamba ndiye aliyekuwa naye. Anasema, "Mlango ukilia tu anauliza, amefika? Namwambia yuko njiani, Baba. Akasema, basi tusubiri kidogo."

Jumamosi, nyumbani, chini ya kitanda cha marehemu, binti alikuta madaftari kumi na moja, na ndani ya la mwisho ile karatasi iliyokunjwa. Ni wasifu wa mama. Karibu na mwisho imeandikwa: "Asubuhi ile nilimwambia leo siendi. Akanishika shati, akasema, nenda. Yule hana watu. Mimi ninao." Marehemu angeweza kujitetea kwa sentensi hiyo moja, siku yoyote, hata kwenye simu ya Jumapili. Hakutaka kumtwisha mzigo mke asiyeweza tena kujibu. Binti ameisoma mara nyingi na hajui auweke wapi uchungu huu. Leo ataizika karatasi hiyo pamoja na baba yake, baada ya kuisoma kwa sauti, kama ilivyopaswa kusomwa.

Marehemu ameacha dada mmoja, mwana mmoja ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu, Kamba, na wote waliolala upande ule wa ukuta, ambao mtu wao alikuwa yeye. Ameacha pia binti mmoja, aliyechelewa.

Katika ratiba mtaona nusu saa iliyoachwa wazi kabla ya kufukia. Kamba ndiye aliyeiomba, na kamati haikubishana naye. Binti anaomba iondolewe. Aliyekuwa akisubiriwa amefika.

Pumzika sasa, Baba, kwa amani.