Papa Tuyizere Jean-Marie na Kisanduku cha Mwisho cha Kingi

Wapendwa ndugu, wakristo na majirani mliopanda kilima leo, Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, kumsindikiza Papa Tuyizere Jean-Marie: karatasi hii ni ya pili. Ya kwanza iliandikwa vizuri zaidi, kwa kalamu ya bic ya buluu, na sasa iko chini ya udongo kule Kingi. Aliyeandika zote mbili ni dada yake mkubwa, Mama Vestine, naye anaomba radhi mapema. Alimpenda marehemu, lakini marehemu alimchosha miaka arobaini na sita, na familia imekubali kwamba si vizuri kudanganya mbele ya jeneza.

Papa Tuyizere alizaliwa hapa Burungu tarehe 14 Aprili 1979, mtoto wa tano wa Papa Hakorimana na Mama Mukandori, wakulima wa maharagwe na mihogo. Alichelewa kuzaliwa kwa wiki mbili. Mama Mukandori alikuwa akisema mutoto huyu alibaki mule ndani kuhakikisha kitu.

Shule ya msingi aliianza Burungu mwaka 1985. Hesabu alifundishwa nyumbani na Vestine, kwa punje za maharagwe juu ya mkeka. Alikuwa mwepesi, ila alikuwa na kasoro moja: alisahau kubeba. Nane na saba aliandika tano, ile moja akaiacha njiani. Vestine alimgonga vidole kwa kijiti na kumwambia, "Beba moja, Tuyi. Hii moja unamuachia nani?" Mliweke neno hilo, maana litarudi. Vita vilifunga shule mara mbili, familia ikahamia Walikale, na diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, akaipata kulekule mwaka 2001, akiwa na ndevu tayari. Kisha alisoma elektroniki miaka mitatu Goma.

Kuanzia 2005 alitengeneza redio na simu Rubaya. Wachimbaji walimletea redio zilizojaa matope, naye akamwambia kila mmoja "bado kidogo". Walimngoja, kwa sababu redio ikitoka mikononi mwake haikurudi tena. Tarehe 23 Agosti 2008 alifunga ndoa na Mama Godelieve, mwanamke mwenye subira ambayo Vestine hajapata kuielewa. Bwana harusi alifika kanisani saa moja baada ya padri kuvaa.

Mwaka 2016 yeye na mwenzake Papa Byamungu wa Walikale walianza kutengeneza visanduku vya mvua. Vestine ameelezwa kazi hii mara nyingi kuliko alivyosali Baba Yetu, basi ataieleza. Kisanduku kinafungwa juu ya mlima. Kinapima mvua, kinapima udongo, kinapiga hesabu, na mlima ukishiba maji kinalia king'ora ili watu wa chini watoke. Ndani mna betri ndogo na puce, yaani kile kipande cheusi chenye kufikiri. Programu iliandikwa kwa C, luga ambayo watu wanaandikia mashine amri, na mahesabu magumu yalichukuliwa kwenye maktaba ya C, ambayo ni fungu la mahesabu yaliyokwisha kuandikwa na watu wengine ili wote watumie. Maktaba hiyo inasema na puce za kila aina, kwa hiyo na hizi za bei ya chini ilisema kwa kujikokota. Puce haikujua kugawanya, ikawa inatoa na kutoa na kutoa, haipati usingizi, na betri inaisha. Siku ya tatu ya mvua, siku ambayo milima inaanguka, kisanduku kilikuwa kimezimika.

Marehemu akaamua kuyaandika mahesabu yale upya kwa luga ya puce yenyewe, amri moja moja, na kuyaingiza ndani ya maktaba. Yaliyoandikwa hivyo yalikwenda mbio, na betri ikadumu. Shida, kila aina ya puce iko na luga yake, na puce zilizopatikana Goma hazikufanana. "Iko sawa Kihunde na Kinyarwanda," alimweleza dada yake. "Unaweza kuhubiri mu moja, mu ingine unashindwa hata kuomba mayi." Vestine akamwuliza kwa nini basi asitafute puce za aina moja. Akajibu, "Bado kidogo, dada." Hilo halikuwa jibu, na mpaka leo si jibu.

Kisanduku cha kwanza kilikwenda Walikale mwaka 2018, cha pili kikaja hapa Burungu. Vestine, ambaye tangu aolewe anakaa Kingi, chini kabisa ya mlima, aliuliza chake. Marehemu akamkumbusha kwamba kwao mgeni anapakuliwa kwanza na wa nyumbani anakula mwisho. Ni kweli, Mama Mukandori aliwafundisha hivyo. Lakini mama alikuwa anasema juu ya bugali, hakusema juu ya mlima.

Tarehe 17 Julai 2021 mlikuwepo wengi. Ilikuwa siku ya mahari ya Claudette, binti wa Vestine, hapahapa Burungu, jua kali, hakuna hata wingu. Kisanduku kikalia. Wageni walikimbia na sahani mikononi, ng'ombe wa mahari akakata kamba na kushika njia ya Kitchanga, na bwana harusi alikimbia kabla ya bibi harusi, jambo ambalo Claudette hajalisahau. Marehemu alijifungia na ordinateri, kompyuta yake ya kazi, siku mbili. Alipotoka alikuja kwa Vestine, akasimama mlangoni kama mwanafunzi. Namba kubwa haiingii kwenye puce yote kwa mara moja, inajumlishwa kwa vipande, na katika maandishi yake ya mbio, kati ya kipande na kipande, kuna moja ilibaki njiani. "Dada, nilisahau kubeba," akasema. Vestine alikuwa na mengi ya kusema siku ile, na aliyasema yote.

Toka hapo marehemu akawa mzito mara mbili. Pembeni ya kila hesabu ya mbio aliacha ile ya polepole ya C, akaiita shahidi. Alizipitisha zote mbili kwenye mvua zote zilizoandikwa tangu 2018. Zikihitilafiana hata kwa mvua moja, ile ya mbio haiingii kisandukuni.

Kingi ilipata kisanduku chake mwezi wa tatu mwaka huu, na puce ya aina ya tatu, na hesabu ya polepole. Kufikia Agosti ile ya mbio ilikuwa imekwisha kuandikwa, na ilikubaliana na shahidi kwa mvua zote isipokuwa moja. Vestine alikuja mpaka hapa Burungu kwa miguu.

"Weka tu ile ya mbio, Tuyi. Betri itazimika, nami niko chini ya mlima. Mvua moja iko kitu gani?"

"Na kama ile mvua moja njo yako?" akasema marehemu.

Vestine aliondoka bila kuaga. Kabla ya kufika njiani alirudi kumwongezea lingine: ni aibu gani hii, papa wa elektroniki kukaa mu giza, Mama Godelieve anapika kwa taa ya simu. Kweli, toka mwezi wa tatu nyumba hii haikuwa na umeme. Godelieve alicheka tu, akaendelea kuchambua maharagwe. Hawakuongea, kaka na dada, wiki tatu nzima.

Ugonjwa wa kisukari alikuwa nao toka 2019. Mwezi wa tisa ulimshika mguu, akalazwa, akarudishwa nyumbani. Mpaka siku ya mwisho alimwuliza Papa Byamungu kama zile hesabu mbili zimekubaliana. Alifariki hapa nyumbani Alhamisi tarehe 6 Novemba, saa tano asubuhi, Vestine akiwa amemshika mkono. Walikuwa wamekwisha kupatana.

Mvua ilianza Ijumaa. Jumamosi Vestine alishuka Kingi kuchukua nguo za kilio na kuandika maneno ya leo mahali penye utulivu. Jumapili, siku ya tatu ya mvua, saa tisa alasiri, alikuwa kwenye meza, amefika kwenye ndoa, kisanduku kikalia. Alikasirika. Alidhani betri ilizimika tangu jana. Na kama haikuzimika, basi ni ile moja tena, amesahau kubeba hata baada ya kufa. Alimalizia sentensi. Ndipo alipokumbuka kwamba ile iliyo juu ya mlima ni ya polepole, ni shahidi, na shahidi hajawahi kudanganya. Alitoka bila viatu akiita majirani mlango kwa mlango. Familia tisa zilivuka mto. Haikufika nusu saa, mlima ulishuka. Nyumba ya Vestine haionekani hata bati, na hakuna aliyekufa.

Juzi Papa Byamungu alipanda kukichukua kile kisanduku. Kando ya betri ndogo alikuta betri kubwa ya nyumba, na mgongoni imeandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha: GODE. Hapa Burungu kila mama anaandika betri yake jina, isije ikabadilishwa inapopelekwa kuchajiwa. Vestine alimwuliza Godelieve tangu lini. "Toka mwezi wa tatu," Godelieve akasema. "Alisema ile ya polepole inakula sana. Alisema dada asijue, atakataa."

Angekataa, kweli. Lakini angeweza kuambiwa, jamani. Neno moja tu, na asingemtukana mtu kwa giza lililokuwa lake.

Papa Tuyizere anamwacha mjane wake, Mama Godelieve. Watoto watatu, Céline, Uwizeye na Anne. Papa Byamungu, ambaye bado anatafuta kosa katika ile mvua moja. Familia tisa za Kingi, wale waliosimama pale nyuma. Na dada yake Vestine, anayesoma haya akiwa amevaa viatu vya Godelieve. Bwana amlaze kwa amani, polepole kama alivyopenda mwenyewe. Dada yake hamuharakishi tena.