Kikao cha Kumgawa Mwanangu

Ndugu zangu wa kikundi, na ninyi mliowasindikiza wagonjwa wenu, salamu za dini zote nimewapa pale mlangoni, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Mwenyekiti ameniomba niseme taratibu na nisiwe na hasira. Kusema taratibu nitajaribu. Majina sitataja, hata la mwanangu.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikajifungua binti kule Chilangala. Alipofikisha wiki ya tano ulikuwa msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Vumbi la dawa kila mahali, mpaka kwenye nguo tulizoanika. Mimi usingizi ulikuwa umenikimbia siku nyingi. Halafu likaniingia wazo kwamba ile salfa imo kwenye maziwa yangu. Sikuwa na wasiwasi tu, nilikuwa na uhakika, ningeapa. Mtoto analia njaa, mimi nakamua maziwa namwaga mchangani, namwambia, "Nakuokoa, mama."

Ndugu zangu, hili limenichukua muda kulisema mbele za watu. Siku moja nilimlaza mwanangu juu ya kanga chini ya mkorosho, nikaondoka. Niliamini nikiwa mbali naye atapona. Nilishika njia ya kwenda Masasi bila viatu, mpaka watu wakanikamata. Mtoto akaokotwa na wapita njia, sisimizi wamemjaa miguuni. Ni kweli. Anayetaka kunihukumu kwa hilo apange foleni, mimi nilishatangulia.

Wiki tatu nilikaa kwa mganga, mguu umefungwa kwenye nguzo. Dada yangu ndiye aliyekuja akafungua ile kamba, akagombana na kila aliyesimama mlangoni, akanipeleka hospitali mjini. Tukafika, maswali yote akaulizwa yeye. Anakula? Anasikia sauti? Mpaka muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akakigeuza kiti changu. "Mwenyewe si huyu hapa? Haya mama, tuambie."

Tangu nianze kuumwa nilikuwa sijaulizwa swali. Nikasema, "Maziwa yangu yana salfa."

Hakucheka. Akasema, "Huo ni ugonjwa. Huwapata wazazi wengine, na una dawa."

Dawa za mwanzo zilinilaza kama gunia. Nikarudi nikawaambia, wakanibadilishia. Ilipofika wakati wa kuokota korosho, akili yangu ilikuwa imetulia, nikarudi nyumbani kumchukua mwanangu. Sikumkuta. Mjomba alishampeleka kwa mama mkwe wangu, kijiji cha Mkunya. Na mnajua huku kwetu, mjomba akishasema juu ya watoto wa dada yake, nani atasema tena? Aliyenioa yuko Mtwara, kila nikimpigia simu jibu ni moja, "Nawasubiri wakubwa."

Nikaenda Mkunya. "Shikamoo mama." Mama mkwe kimya. Akamwita jirani, "Hebu njoo umwangalie huyu." Huyu! Nikienda dukani, namwamkia muuza duka, yeye anamgeukia dada, "Marahaba. Leo anataka nini?" Huku kwetu, asiyeitikiwa shikamoo ni nani? Ni mbuzi. Na mimi nimekaa mbuzi miezi mingi.

Baadaye mjomba akaita kikao. Ajenda ilikuwa moja: mtoto abaki Mkunya moja kwa moja mpaka akue. Walikuwepo wazee watano, dada, mama mkwe na binti yangu mgongoni kwake. Mimi nimekaa mkekani katikati yao.

Mjomba akamgeukia dada. "Dawa anakunywa?"

"Mwulizeni mwenyewe."

"Tunakuuliza wewe. Analala?"

"Mjomba, yupo hapa."

Mzee mmoja akadakia, "Chizi akijibu si atatuambia yeye ni mkuu wa wilaya!" Wakacheka mpaka wakakohoa.

Nilikuwa nimeandika ya kusema kwenye daftari, kurasa mbili. Yote yalipotea. Nikasimama.

"Mjomba, shikamoo."

Akaendelea kuongea na dada.

"Mjomba, shikamoo."

"Kaa chini."

"Sikai. Nimekuamkia."

Nilikuwa nimekunja ngumi, nikazificha nyuma. Kwa sababu mkishasemwa mna wazimu, hata hasira yenu inakuwa dalili. Nikipiga kelele, watasema umemrudia. Nikilia, umemrudia. Nikikaa, mtoto ameenda. Dada ananitazama kwa macho ya kunisihi. Nikaishusha sauti mpaka ikawa kama ya mtu anayemnong'oneza mtoto.

"Mjomba, ukiitika utakuwa umemwitikia mtu, na mtu anaulizwa mambo yake. Ndiyo maana huitiki. Shikamoo."

Mjomba akanigeukia.

"Marahaba," akasema. Halafu, "Haya. Unalala?"

"Nalala, mjomba. Na dawa nakunywa."

"Utaumwa tena?"

Wote walijua jibu linalotakiwa. Hata dada alikuwa ananitikisia kichwa: sema hapana.

"Naweza kuumwa tena," nikasema.

Wakaguna. Nikaendelea kabla hawajapata nafasi. "Ugonjwa ukija, unaanza na usingizi. Nikikosa usingizi siku mbili, mtoto nampeleka kwa dada mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, halafu naenda hospitali. Nikitulia namfuata. Si kikao kitakachosema, ni mimi."

Mama mkwe akauliza, "Na usipojijua?" Mara yake ya kwanza kuniuliza kitu.

"Dada nimemwandikia dalili zote. Amchukue mtoto bila kuningoja, ruhusa nimempa."

Mama mkwe akafungua kanga, akamshusha binti yangu, akanipa. "Siku hizi anakula uji mzito. Usimpe wa moto," akasema, na mwishoni akaniita Mama, akataja jina la mwanangu.

Kipupwe cha mwaka huu nilikosa usingizi siku mbili. Nikambeba mtoto nikaenda kwa dada. Akauliza tu, "Mpaka lini?" Nikamwambia mpaka Ijumaa ya pili. Ijumaa hiyo, kabla sijavaa viatu kumfuata, walikuwa wamefika uani, mtoto ananidai muhogo.

Namshukuru dada yangu. Namshukuru muuguzi yule. Namshukuru mama mkwe, alimlisha mwanangu wakati mimi nilishindwa. Mjomba namshukuru kwa kuitika, mengine bado tunadaiana.

Ninyi wasindikizaji, mnawapenda wagonjwa wenu, naona. Mmewavalisha vizuri, mmewaletea maji. Lakini tangu asubuhi mnajitambulisha, "Mimi ni fulani, na huyu nimemleta." Huyu! Ana jina, mwacheni alitaje. Akichelewa, ngojeni. Akikosea, atajirekebisha. Akiwa hasemi, ishara anazo.

Mwenyekiti alitaka nimalizie kwa kusema nimepona. Sijui kama nimepona. Natumia dawa, nalea.

Na kuna dada pale mstari wa tatu, mwenye gauni la kijani, ananyoosha mkono tangu nimeanza, na aliyekaa pembeni yake kila mara anaushusha. Wewe, mwachie mkono. Mwenyekiti, dakika zangu zilizobaki mpe yeye.